Kompyuta Inapojifunza Kusoma Hadubini: Ina Manufaa Gani kwa Mgonjwa wa Homa?

Mgonjwa mwenye homa anapofika katika kituo cha afya, iwe Matulo, Webuye au Kitale, swali la kwanza huwa ni lile lile: je, ni malaria? Swali hilo lina uzito hapa kwetu. Kaunti ya Bungoma iko katika ukanda wa ziwa, ambako malaria huambukiza mwaka mzima. Jirani zetu wa Trans Nzoia wako katika nyanda za juu, ambako ugonjwa huu huweza kuzuka kwa ghafla baada ya mvua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa asilimia 6 ya watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 14 nchini walikuwa na vimelea vya malaria. Katika ukanda wa ziwa walikuwa asilimia 19.

Takwimu hizo zina pande mbili. Malaria bado iko nasi, lakini hata katika ukanda huu si kila homa ni malaria. Anayemeza dawa ya malaria ilhali anaugua nimonia au homa ya matumbo anapoteza siku ambazo huenda zingemwokoa. Ndiyo maana kipimo cha maabara ni muhimu, na ndiyo maana watafiti wanafundisha kompyuta kusaidia katika kazi hiyo.

Kazi ya jicho maabarani

Mtaalamu wa maabara huchukua tone la damu, hulipaka kwenye kioo chembamba, hulitia rangi iitwayo Giemsa, kisha hulitazama kwa hadubini inayokuza vitu mara 1,000. Kabla ya kusema kuwa hakuna vimelea, anapaswa kupekua angalau sehemu 100 za kioo hicho, moja baada ya nyingine. Kazi hii huhitaji subira na macho makali. Foleni inapokuwa ndefu, macho huchoka, na vimelea vichache vinaweza kumponyoka hata mtaalamu mzoefu.

Kipo pia kipimo cha haraka cha malaria, kinachotumia tone la damu na kutoa jibu kwa muda wa dakika 15 hadi 20 hivi. Kimesaidia sana, hasa mahali pasipo na hadubini. Hata hivyo, hakihesabu vimelea, na kinaweza kuonyesha malaria hata wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Isitoshe, katika nchi kama Eritrea na Ethiopia wamepatikana wagonjwa wenye vimelea visivyo na protini ambayo vipimo vingi vya aina hii huitafuta. Kwa hiyo hadubini bado ina kazi.

Kompyuta hujifunza vipi?

Teknolojia inayozungumziwa hapa ni tawi la akili mnemba liitwalo ujifunzaji wa kina. Mkulima hamfundishi mwanawe kutofautisha mche wa wimbi na gugu linalofanana nao kwa kumsomea kanuni. Humpeleka shambani, humwonyesha, humwacha ajaribu, na akikosea humsahihisha. Baada ya misimu kadhaa, mtoto hutambua gugu kwa kulitupia jicho tu.

Kompyuta nayo hufundishwa hivyo. Huonyeshwa maelfu ya picha ambazo wataalamu wa maabara wamezitia alama: hapa pana kimelea, hapa hapana. Hukisia, husahihishwa, kisha hurekebisha hesabu zake za ndani. Mwisho huweza kupewa picha ambayo haijapata kuiona na kuonyesha mahali penye kimelea.

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, walichapisha matokeo ya kazi ya aina hii. Walifunga simu ya kawaida kwenye hadubini kwa kishikio maalumu, wakapiga picha, kisha wakaifundisha kompyuta kutambua vimelea vya malaria katika damu, bakteria wa kifua kikuu katika makohozi, na mayai ya minyoo katika kinyesi. Kompyuta ilivitambua vyote vitatu kwa usahihi mkubwa. Walichotumia ni hadubini na simu, vifaa ambavyo tayari viko katika nchi zetu.

Kutazama vijidudu vikiwa hai

Damu iliyotiwa rangi huonyesha vimelea vilivyokwisha kufa. Watafiti wengine hutazama vijidudu vikiwa hai, na njia hiyo si ngeni. Mwaka 1880, daktari Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Algeria, alitazama damu mbichi ya mgonjwa na kuona vitu vinavyochezacheza ndani yake. Mwendo huo ndio uliomthibitishia kuwa malaria husababishwa na kiumbe hai.

Siku hizi hadubini hufungwa kamera inayorekodi kwa saa nyingi. Shida ni wingi wa vinavyorekodiwa. Bakteria aina ya E. coli akipata chakula na joto la kutosha, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa mwendo huo, mmoja huweza kuwa 4,096 baada ya saa nne. Hakuna binadamu awezaye kumfuata kila mmoja, picha baada ya picha. Kompyuta iliyofunzwa huchora mpaka wa kila bakteria, humpa namba, na kufuatilia nani alizaliwa na nani, nani aliacha kukua na nani aliendelea.

Manufaa yake yanahusu dawa. Bakteria wakimwagiwa antibiotiki, wanaoshindwa nayo na wanaostahimili huanza kutofautiana mapema. Kwa njia ya kawaida ya kuotesha bakteria maabarani, jibu huchukua siku moja hadi mbili au zaidi. Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walionyesha kuwa kompyuta iliyofunzwa kwa picha za hadubini inaweza kutambua usugu wa E. coli kwa muda mfupi wa dakika 30. Kwa mgonjwa mahututi, tofauti hiyo ni kubwa.

Kazi nyingi za aina hii hufanywa na watafiti wa baada ya uzamivu, yaani waliokwisha kupata shahada ya udaktari wa falsafa na kuajiriwa kwa miaka michache kufanya utafiti chini ya profesa. Huhitaji biolojia, hisabati na kompyuta kwa pamoja. Wanafunzi wa shule zetu za sekondari wanaopenda masomo hayo wajue kuwa wana nafasi hapa.

Mipaka ya teknolojia hii

Kompyuta iliyofunzwa kwa picha za maabara moja inaweza kukosea katika maabara nyingine, kwa sababu rangi, mwanga au vumbi la kioo vimetofautiana. Ili itufae, ni lazima ijifunze pia kutokana na picha za maabara za huku kwetu, zilizotiwa alama na wataalamu wetu. Kwa hiyo haiondoi kazi ya mtaalamu wa maabara. Inamwonyesha pa kutazama, naye ndiye anayethibitisha.

Kuna pia suala la faragha. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za afya ni nyeti na zina ulinzi wa pekee.

Mwananchi afanye nini?

• Ukipata homa, fika kituo cha afya upimwe ndani ya saa 24, hasa kwa mtoto mdogo au mama mjamzito. Usinunue dawa kwa kukisia.

• Ukipewa dawa ya malaria au antibiotiki, maliza dozi kama ulivyoelekezwa. Usiweke akiba wala kumgawia jirani.

• Ukiombwa kutoa sampuli kwa utafiti, uliza ni ya kazi gani, nani ataitunza na kama jina lako litaonekana. Una haki ya kukataa, na kukataa hakukuondolei haki ya kutibiwa.

• Endelea kulala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.