Je, Wajua? Kuna magari yasiyobeba spea

Lotus Elise, gari dogo la michezo lililotoka Uingereza mwaka 1996, liliuzwa bila tairi la spea. Lilikuwa na uzito wa kilo 725 hivi tu. Na hata ungetaka kubeba spea, ungebeba ipi? Matairi ya mbele yalikuwa ya inchi 15. Ya nyuma inchi 16, tena mapana zaidi.

Mazda MX-5 ya siku hizi nayo hubeba chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme. Gundi hupitishwa kwenye valvu, unajaza upepo, unajikokota hadi kwa fundi. Tundu la msumari huzibika. Ubavu wa tairi ukichanika, hapo ita gari la kuvuta.

Porsche walikuwa wajanja zaidi. Kwenye buti la mbele la 911 za zamani waliweka spea iliyokunjwa, haina upepo. Ukipata pancha, unachomeka pampu kwenye tundu la kiberiti cha gari, spea inavimba mbele ya macho yako. Nyembamba, haina sura, lakini inakufikisha.

Gundi ya chupa huisha muda wake. Soma tarehe kabla ya safari.