Je, Wajua? Dakika 6 za Kutembea na Presha ya Mapafu

Je, wajua kwamba mkanda wa presha unaofungwa mkononi hauoni presha ya mapafu? Mishipa inayopeleka damu mapafuni ina presha yake. Kwa mtu mzima mwenye afya, wastani wake ni kama 14. Ukivuka 20, tayari ni tatizo. Mkazi wa Tandika anaweza kuambiwa 120 kwa 80, yuko sawa, na bado akahema kwa kupanda ngazi chache.

Je, wajua kipimo kinachofuatilia ugonjwa huu kinataka korido ya mita 30, koni mbili, saa na kiti? Mgonjwa anatembea kwenda na kurudi kwa dakika 6, bila kukimbia. Akichoka anaegemea ukuta, ila saa haisimami. Mpimaji hatembei sambamba naye, asije akamvuta kwa mwendo wake. Kila dakika anamwambia maneno yaliyopangwa, kwa mfano: unaendelea vizuri, zimebaki dakika tano. Akianza kumshangilia, mita zitaongezeka na kipimo cha mwezi ujao hakitalinganishika. Akivuka mita 440, ni dalili njema. Akiishia chini ya 165, korido mara tano na nusu tu, yuko hatarini sana.

Je, wajua hina nyeusi ya harusi inaweza kuvuruga kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kinachoweza kuvaliwa katika matembezi hayo? Acha kidole kimoja bila kupaka.

Je, wajua kichocho cha tumbo, kinachosumbua sana Kanda ya Ziwa, huweza kupandisha presha hii? Selimundu pia, makovu ya TB, na valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Kama ulikulia ukioga ziwani, mwambie daktari.

Je, wajua sildenafil, ile dawa ya nguvu za kiume, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005 kutibu presha ya mapafu? Katika utafiti wa watu 278, waliotumia waliongeza takriban mita 45 za kutembea kwa wiki 12. Tafadhali usijinunulie: ikikutana na dawa za nitreti za maumivu ya kifua, presha ya mwili huporomoka na mtu anaweza kufa.

Kutembea peke yake hakuthibitishi ugonjwa. Huanza eko ya moyo, yaani picha ya mawimbi ya sauti, kisha mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi upande wa kulia wa moyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza Muhimbili mwaka 2015, ina mtambo wa kazi hiyo.

Mama wa Mbagala, kutoka kwako hadi kituo cha Rangi Tatu unapumzika mara ngapi? Hesabu, kisha mpelekee daktari hiyo namba.