Namna ya kutunza karatasi za familia kwenye intaneti

Katika mikutano yetu na familia zilizohama makwao, swali moja linarudi kila mara: karatasi zetu zilibaki nyumbani, sasa tutafanya nini? Mei 2021, lava ya Nyiragongo ilipofika Buhene, watu walikimbia usiku na watoto mgongoni. Januari 2025 vita viliingia Goma, na mwezi uliofuata makambi ya kandokando ya mji yakaondolewa. Wengi walihama mara ya pili au ya tatu. Kila safari inaacha kitu nyuma: kadi ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho cha kila siku, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, diploma, karatasi ya shamba.

Sisi pia yalitupata. Makubaliano ya mashamba ambayo wazee walikuwa wametia sahihi mbele yetu, tuliyaweka katika kompyuta moja tu ya ofisi. Siku ya kukimbia, kompyuta ilibaki. Pande mbili zilipokutana tena, kila upande uliukumbuka mpaka kwa namna yake, na kazi ya miezi mingi ikaanza upya. Ndipo tukaanza kutumia hifadhi ya intaneti, ile ambayo watu wanaiita "wingu".

Wingu hilo haliko angani. Ni kompyuta kubwa za kampuni, ziko ndani ya majengo mbali na hapa, nazo zinakutunzia nakala. Mwenye anuani ya Gmail, kwa mfano, anapewa bure na Google nafasi ya gigabaiti 15, ambayo ni ya barua, picha na faili zake kwa pamoja. Picha ya karatasi moja ikiwa na mega 3, nafasi hiyo inatosha picha kama 5,000. Simu ikipotea, unatumia simu nyingine, unaandika anuani na neno la siri, na karatasi zako unazikuta.

Tandika karatasi mahali penye mwanga, piga picha pande zote mbili, uhakikishe namba na muhuri vinasomeka. Programu ya Drive kwenye simu za Android ina alama ya kamera inayogeuza picha kuwa hati safi. Ipe hati jina linaloeleweka, si "picha 27". Kupandisha faili kunakula mega, basi katika mipangilio chagua zipande kwa Wi-Fi tu, halafu ungojee siku utakapofika penye Wi-Fi. Usifute picha iliyo kwenye simu mpaka umeona kwa macho yako kwamba imefika.

Tena hapa wengi wanakosea. Kupandisha ni kupeleka nakala. Kulinganisha ni jambo lingine: programu inaangalia simu na wingu, na kuvifanya vifanane. Ukibadili huku, na kule kunabadilika. Ukifuta huku, na kule kunafutika! Mtu anafuta ili apate nafasi kwenye simu, kumbe amefuta hata nakala aliyoitegemea. Google Drive inaweka kilichofutwa kwenye takataka kwa siku 30, kisha kinapotea.

Kwetu wakimbizi, shida kubwa zaidi ni SIM. Umekimbia, SIM imepotea, na kampuni inatuma namba ya kuhakikisha kwenye SIM ile ile. Kwa hiyo, ukiwa umewasha ulinzi wa hatua mbili, chukua mapema namba za akiba. Google hutoa 10, kila moja ina tarakimu 8 na hutumika mara moja tu. Ziandike, umpe pia ndugu unayemwamini aliye mji mwingine. Na usiiache akaunti ilale: ile isiyotumiwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo.

Ninyi viongozi, orodha za familia hazipaswi kuwekwa ovyo. Ukichagua kwamba kila mwenye kiungo aweze kufungua faili, kiungo hicho kitazunguka hadi kwa usiowajua. Kwenye vizuizi simu hupekuliwa, na simu ambayo tayari imeingia kwenye akaunti inaonyesha yote. Ushuhuda wa waliotendewa mabaya, pamoja na majina yao, tunaomba usiuweke humo kabisa. Na ukitumia kompyuta ya watu wengi, toka kwenye akaunti kabla ya kuondoka.

Tuseme wazi kwamba picha haichukui nafasi ya karatasi yenyewe, na afisa anaweza kuikataa. Lakini cheti cha shamba kina namba, na kwa namba hiyo ofisi ya hati za ardhi inaweza kutafuta katika vitabu vyake. Kwa mashamba ya kimila, ambayo mara nyingi hayana cheti, picha ya makubaliano inaonyesha walau ni mashahidi gani wa kuita. Siku hizi, wazee wakimaliza kutia sahihi, tunapiga picha hapo hapo mbele ya pande zote mbili, na kila upande unaondoka na nakala katika akaunti yake.