Dosari katika Vibonzo vya Televisheni: Kwa Nini Hupita?

Mtazamaji makini wa vibonzo huenda amewahi kuona mkono wa mhusika ukitoweka ghafla kisha ukarejea, au mhusika akifungua kinywa na sauti ya mwenziwe ikatoka humo. Aghalabu lawama humwangukia mchoraji, kwamba ni mzembe. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba hukumu hiyo si ya haki.

Tuanze na hesabu. Filamu hupitisha picha 24 kwa kila sekunde. Kwa hivyo kipindi cha dakika 22 kina picha 31,680. Hata kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, michoro 15,840 ingehitajika. Bajeti ya televisheni haikuweza kuumudu mzigo huo kila juma. William Hanna na Joseph Barbera, waliokuwa wamebuni Tom and Jerry kwa ajili ya kumbi za sinema, walikabiliwa na tatizo hili walipoanzisha kampuni yao mwaka wa 1957. Suluhisho lao lilikuwa kumgawa mhusika vipande: kiwiliwili kitulie, kichwa au mdomo pekee usogee. Ukosi wa dubu Yogi haukuwa pambo tu. Ulificha mahali kichwa kilipoungana na mwili.

Hapa ndipo penye kinaya. Mbinu iyo hiyo iliyopunguza gharama iliifungulia dosari mlango. Kila kipande kilichorwa kwenye karatasi yake angavu ya seluloidi, kikapakwa rangi kwa nyuma, kisha karatasi zikapangwa juu ya mandhari na kupigwa picha. Mpiga picha akisahau karatasi moja, mkono hauonekani. Akibadilisha mpangilio, mtu aliyepaswa kuwa nyuma ya meza hujikuta mbele yake.

Chukua mfano wa Transformers, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka wa 1984 huku sehemu kubwa ya uchoraji ikifanyiwa Japani. Msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi 16. Wa pili, mwaka wa 1985, ukaruka hadi 49. Jumla yake, 65, inatosha kuonyeshwa siku tano kwa juma kwa majuma 13. Isitoshe, Starscream, Thundercracker na Skywarp wana umbo moja, na rangi ndiyo inayowatofautisha. Mpaka rangi akichovya brashi katika chupa isiyo yake, amekwisha kumgeuza mhusika kuwa mwingine.

Je, hakuna aliyeziona dosari hizi? Nyingine zilionekana, zikaachwa kwa makusudi. Kurekebisha tukio moja kulimaanisha kupaka rangi upya, kupiga picha upya, kusafisha filamu na kuisafirisha kutoka Asia hadi Marekani, ilhali tarehe ya kurusha kipindi haikungoja. Kosa lililovuruga hadithi lilirudishwa. La robo sekunde lilisamehewa. (Yeyote aliyewahi kuhariri jarida usiku wa kuamkia siku ya kupelekwa kwa mpiga chapa analielewa hili bila kufafanuliwa.)

Aidha, mtoto alitarajiwa kukitazama kipindi mara moja, pengine mbili, kisha akasahau. Diski za DVD zilipokuja, mtoto yule yule, sasa mtu mzima, aliweza kuisimamisha picha moja na kuikagua atakavyo.