Mwanza Si Stendi na Hospitali Tu

Juma lililopita nilipanda basi Biharamulo kwenda Mwanza. Kiti cha pili alikuwapo mzee mmoja aliyetoka Rulenge, wilayani Ngara. Nilimwamkia shikamoo, kisha nikamwuliza Mwanza anaionaje. Akacheka. "Mwanangu, nimekwenda mara nne kuuguza. Naijua stendi, naijua wodi. Ziwa nimeliona dirishani tu."

Wengi wetu wa Ngara na Biharamulo ndivyo tunavyoijua Mwanza. Tunakwenda Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, au tunafuata bidhaa za dukani. Shida ikiisha tunageuza. Na udhuru tulikuwa nao. Pale Kigongo na Busisi, kuvuka kwa kivuko kulichukua kama nusu saa, mbali na foleni, na kila mtu aliwahi kurudi ng'ambo. Tangu Juni 2025 udhuru huo haupo. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, gari linalipita kwa dakika chache. Basi tuulizane: muda tuliokuwa tukiuacha majini, tuutumie vipi?

Mwenye saa moja apande daladala toka Nyegezi hadi mjini, ateremke ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga. Hapo ataona jiwe la Bismarck, miamba iliyobebana ndani ya maji, ambayo Wajerumani waliipa jina la Kansela wao. Mji unatazama magharibi, kwa hiyo jioni jua huzama mbele yako, ng'ambo ya maji.

Mwenye asubuhi nzima aende Mwaloni, Kirumba. Ni soko la samaki na dagaa ambalo wachuuzi wake hutoka hata Kongo na Burundi. Ukitaka kujua jiji linakula nini na linaishi kwa nini, simama hapo tu usikilize bei zikipangwa.

Mwenye watoto awapeleke Saanane. Ni kisiwa kilichokuwa bustani ya wanyama tangu 1964, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa, ndogo kuliko zote nchini. Ukubwa wake ni kilometa za mraba zipatazo 2 tu. Boti hufika kwa dakika chache, na huko kuna swala, pimbi na kenge. Kiingilio kipo, uliza kabla hujapanga bajeti. Na kwa mwenye siku nzima, iko Bujora, Kisesa, njia ya Musoma, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, Mkanada, katika miaka ya 1950.

Sisi watu wa Kagera tuna pa kwenda pengine pia, nako ni Igoma. Hapo wamezikwa wengi wa waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Maji haya yanapendeza, lakini yana heshima yake. Kwa hiyo mgeni asiingie kuoga ovyo, maana kuna kichocho, na mahali pengine mamba. Akipanda boti, adai jaketi la kujiokoa.

Wapo watakaosema mtu mwenye mgonjwa hana nafasi ya kutembea. Mimi naona kinyume. Anayeuguza anakesha, anakula vibaya, anahesabu senti. Saa moja ya upepo wa ziwa haimwibii mgonjwa wake kitu. Humrudisha wodini akiwa na nguvu.

Hapa nakugeukia wewe msomaji wa Mwanza. Shangazi yako wa Ngara au mjomba wako wa Biharamulo akifikia kwako, usimpe chai na kitanda tu. Mshike mkono, mpeleke ziwani. Hatakuwa mgeni kabisa huko, maana Mto Kagera unaopita maporomoko ya Rusumo, kwao Ngara, unaishia katika ziwa hilo hilo.

Mzee wangu tuliachana Nyegezi. Alikuwa na haraka ya kuwahi saa ya kuona wagonjwa. Nilimwelekeza njia ya kwenda ufukweni akitoka. Akaniambia, "Safari hii nitakwenda, mwanangu. Nimwone kwanza mgonjwa."