"Manyoya Mafupi Hayana Kazi": Kweli au Si Kweli?

Mbwa wengi wanaolinda nyumba zetu wana manyoya mafupi yaliyolala kwenye ngozi, iwe ni mbwa wa kienyeji aliyeokotwa sokoni au Rottweiler na Boerboel walionunuliwa kwa fedha nyingi. Kwa kuwa manyoya hayo hayafungani mafundo, mwenye mbwa huona kazi yake inaishia kwenye sufuria ya ugali na dagaa. Siku mbwa anapoanza kujikuna hadi kutoka damu, kila jirani huja na dawa yake, na hapo ndipo madhara makubwa hutokea. Nimeyachukua maneno yanayosemwa sana kuhusu usafi wa mbwa hawa na kuyapima moja baada ya jingine. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mbwa wa aina hii anahitaji kushikwa na kukaguliwa mara nyingi kuliko anavyohitaji kuogeshwa, na vitu vingi anavyopakwa kwa nia njema vinamuumiza.

"Manyoya mafupi hayahitaji brashi."

Si kweli. Unywele mfupi hukua kwa muda mfupi, husimama, kisha hung'oka, na mwingine huanza. Katika nchi za mbali na ikweta, mbwa wanaokaa nje hupukutisha manyoya zaidi majira yanapogeuka, kwa sababu mwili hufuata urefu wa mchana. Huku kwetu mchana haupungui wala kuongezeka sana, kwa hiyo mbwa hupukutisha kidogo kidogo mwaka mzima. Vijinywele hivyo ni vigumu, na vikishaingia kwenye kitambaa cha kochi havitoki kwa kufagia.

Tafuta brashi ya mpira yenye meno mafupi, au glovu ya mpira yenye vinundu. Sugua kwa kuzungusha ili manyoya yaliyokufa yaachie, kisha maliza kwa kufuata mwelekeo wa manyoya kutoka shingoni hadi mkiani. Dakika 10 mara moja au mbili kwa wiki zinatosha. Brashi ya waya waachie mbwa wenye manyoya marefu, maana kwenye manyoya mafupi inafika ngozini moja kwa moja na kuikwaruza. Baada ya wiki chache utaona manyoya yanang'aa, kwa sababu brashi husambaza mafuta ambayo ngozi yenyewe hutengeneza.

"Mbwa msafi ni yule anayeogeshwa kila wiki."

Si kweli kwa mbwa mwenye afya. Tabaka la juu la ngozi ya mbwa ni jembamba kuliko letu, na asidi yake ni ndogo kuliko ya ngozi ya binadamu. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali hata kwa mikono ya anayefua. Kwa mbwa huondoa mafuta yote ya ngozi na kuacha ukavu, mba na muwasho. Mbwa hujikuna, mwenyewe anadhani ni uchafu, anamwogesha tena kwa sabuni ileile. Ngozi haipati nafasi ya kupona.

Mwogeshe akinuka, akijigaragaza kwenye uchafu, au kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Tumia shampuu ya mbwa, inapatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo. Maji yawe ya uvuguvugu, na kazi kubwa iwe kwenye kusuuza, kwa sababu sabuni iliyobaki kwapani na kinenani huwasha kuliko vumbi lililokuwapo. Mkaushe kwa taulo hadi kati ya vidole. Kuna tofauti moja: daktari wa mifugo akimwandikia shampuu ya tiba, huenda akataka aogeshwe hata mara mbili kwa wiki, na povu likae mwilini dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Hapo mfuate daktari.

Na ile dawa nyeusi ya kusafishia vyoo, inayogeuka nyeupe ikitiwa majini, isiguse kabisa mwili wa mbwa. Inaunguza ngozi, na mbwa akijilamba inaingia tumboni.

"Oili chafu ya gari inaponya upele."

Si kweli, na katika yote yaliyomo humu hili ndilo linalonichoma zaidi. Pita mtaa wowote wenye gereji utamwona mbwa aliyepakwa oili kuanzia kichwani hadi mkiani, mweusi, vumbi limemganda, amejikunyata kivulini. Aliyempaka alikuwa anamhurumia. Lakini oili iliyotoka kwenye injini ina mabaki ya metali na kemikali za mafuta yaliyoungua. Mbwa hujisafisha kwa ulimi, kwa hiyo kila alichopakwa atakilamba, na kinachobaki huendelea kuunguza ngozi ambayo tayari ina vidonda.

Upele wenyewe hausababishwi na kitu kimoja. Kuna vijidudu vya Sarcoptes vinavyochimba ndani ya ngozi. Hivi huwasha vibaya, huanzia mara nyingi kwenye ncha za masikio na viwiko, na vinaweza kuwapa watu wa nyumbani vipele kwa muda. Kuna Demodex, vinavyokaa kwenye vishina vya manyoya na kushamiri kinga ya mwili ikishuka, hasa kwa watoto wa mbwa. Hivi haviambukizi watu. Kuna fangasi, na kuna mzio wa viroboto. Kwa macho matupu vyote vinaweza kufanana. Daktari wa mifugo hukwangua ngozi kidogo na kuiangalia kwenye hadubini, ndipo ajue anatibu nini. Siku hizi kuna vidonge vya kutafuna vinavyoua vijidudu vya upele, kupe na viroboto kwa pamoja. Bei yake si ndogo, nalijua hilo, ila vinafanya kazi.

Kama mbwa wako ameshapakwa oili, mfute kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia ili ile nzito iachie, halafu mwoshe kwa sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo, na mzuie kujilamba hadi atakate. Hapa sabuni ya vyombo inaruhusiwa, kwa siku hiyo tu.

"Kupe utamwona tu, manyoya ni mafupi."

Si kweli. Kupe wa mgongoni utamwona. Wanaoleta maradhi zaidi wamejificha unapopaona mara chache. Kunja sikio uangalie mikunjo yake ya ndani. Vua mkanda wa shingoni. Inua mkia. Kisha shika mguu na utanue vidole kimoja kimoja: mara nyingi ndipo utakapomkuta jike aliyeshiba, wa kijivu, amevimba kama punje ya maharage, na pembeni yake dume bapa wa kahawia ambaye ukiharakisha utadhani ni alama ya ngozi.

Usimmwagie mafuta ya taa wala usimchome kwa kiberiti. Kupe akisumbuliwa hutema mate ndani ya kidonda, na mate hayo ndiyo yanayobeba vijidudu. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja juu bila kumzungusha, kisha mtie kwenye spiriti. Usimpasue kwa kucha.

Wengi wetu huishia hapo, na ndiyo sababu kupe hawaishi. Kupe wa kahawia wa mbwa hula damu mara tatu katika maisha yake, akiwa lava, akiwa mchanga na akiwa mkubwa, na kila mara akishiba hudondoka. Hupanda kwenye nyufa za ukuta, hujificha nyuma ya mbao za banda, na jike hutaga mayai kwa maelfu. Anaweza kukaa miezi bila kula. Kwa hiyo ziba nyufa, choma matandiko ya zamani, na banda litibiwe siku ileile mbwa anapotibiwa. Mbwa aliyechangamka jana akapoa ghafla, ana homa, fizi zimepauka au pua inatoka damu, mpeleke hospitali ya mifugo siku hiyohiyo. Hizo zinaweza kuwa dalili za ugonjwa wa erlikia unaoenezwa na kupe huyu.

Kuna wanaochota dawa ya josho la ng'ombe na kumwogeshea mbwa kwa makadirio. Amitraz, mojawapo ya dawa hizo, huuzwa kwa ajili ya ng'ombe ikiwa ya asilimia 12.5, na ikizidi kwa mbwa humletea usingizi mzito, kutapika na mapigo ya moyo kushuka. Na ikiwa nyumbani kuna paka, soma maandishi ya kila dawa ya kupe ya mbwa: yenye permethrin inaweza kumuua paka, hata kwa kulala karibu na mbwa ambaye hajakauka.

"Uvimbe tumboni ni jipu, ulikamue."

Si kweli mara zote. Yupo nzi anayetaga kwenye mchanga uliolowa mkojo, au kwenye matandiko machafu. Lava wake huingia kwenye ngozi ya mbwa aliyelala hapo na kuishi humo wiki moja au zaidi kidogo. Angalia katikati ya uvimbe: ukiona tundu dogo linalotoa majimaji, na kitu kinachochezacheza ndani, huyo ni funza. Paka mafuta mazito ya kujipaka juu ya tundu ili akose hewa na kujitokeza, kisha mtoe mzima kwa kibanio na usafishe kidonda. Ukimkamua kwa nguvu akapasukia ndani, uvimbe utaongezeka.

"Mbwa anayetembea hahitaji kukatwa kucha."

Nusu kweli. Mbwa anayekimbia kwenye lami na changarawe husaga kucha mwenyewe, lakini ule ukucha wa pembeni, ulio juu ya wayo, haugusi ardhi na unaweza kujikunja hadi kuingia nyamani. Mbwa anayeshinda bandani ana shida zaidi. Ukucha mweusi hauonyeshi mshipa ulipo, basi kata vipande vidogo vidogo na usimame ukiona doa jeusi lenye unyevu katikati. Ukitoka damu, gandamiza kwa wanga wa mahindi.

"Masikio yasafishwe kwa vijiti vya pamba, meno kwa dawa yetu ya meno."

Si kweli yote mawili. Kijiti husukuma uchafu ndani zaidi. Tumia pamba iliyoviringwa kidoleni, na uishie unapopaona. Dawa zetu za meno zina floridi, nyingine zina zailitoli, na mbwa huzimeza. Zailitoli hushusha sukari ya damu yake kwa hatari.

"Mbwa mweupe huungua jua."

Kweli kabisa. Pua ya waridi, ncha za masikio na tumbo lenye manyoya haba huungua, na kuungua kwa miaka mingi kunaweza kuleta saratani ya ngozi. Mpe kivuli cha uhakika kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni.

"Mwislamu hawezi kumhudumia mbwa."

Si kweli. Katika madhehebu ya Shafii, wanayoyafuata wengi pwani, palipoguswa na unyevu wa mbwa huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Hilo ni suala la twahara, halikatazi kumtunza. Kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda kumeruhusiwa, na kisa cha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu husimuliwa misikitini kila mara. Mpige brashi akiwa mkavu, vaa glovu na nguo ya kazi hiyo, na la kumwogesha muulize shehe wako.

"Mbwa wa ulinzi akizoea kushikwa anapoteza ukali."

Si kweli, na uongo huu ndio unaowafungia mbwa wengi bandani mchana kutwa na kupe wao. Mbwa huwatofautisha watu wa nyumbani na wageni. Anayemng'ata hata anayemlisha hakulindi zaidi, anaogopa tu, na kidonda chake utakigundua kikishaoza.

Anza akiwa mdogo. Mguse mguu, mpe dagaa mmoja, muache. Kesho mshike sikio. Akiwa mkubwa na mkali, daktari aje kwanza na kifunga mdomo, na watoto wasimsogelee. Chanjo ya kichaa cha mbwa ipigwe kwa wakati kabla hujaanza kazi hii. Hata akiwa amechanjwa, akikung'ata au kukukwaruza hadi ngozi ikachubuka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.