Gia Uliyopandia Ndiyo ya Kuteremkia

Maarifa yampasayo dereva wa pikapu katika nchi ya Kasigau

Mtu atokaye Voi kwa njia kuu ya Mombasa hufika Maungu, na hapo huiacha lami akashika barabara ya udongo mwekundu iendayo kusini. Mbele yake, mwendo wa kilomita 30 na ushei, Mlima Kasigau umesimama peke yake katika nyika, kilele chake kikiwa mita 1,641 juu ya usawa wa bahari. Chini ya mlima huo viko vijiji vya Rukanga, Jora, Makwasinyi, Bungule na Kiteghe. Wenyeji wake ni wakulima, wafugaji na wasusi wa vikapu, na kama walivyo watu wote wakaao mbali na njia kuu, mambo yao mengi hutegemea gari.

Gari lifaalo katika nchi kama hiyo ni pikapu, na pikapu nyingi ni zile za gia za mkono. Asubuhi hubeba magunia ya pojo na mbuzi wa kuuzwa. Jioni hurudi na mabati, saruji na mitungi ya maji. Usiku, mgonjwa akizidiwa au mama mja mzito akishikwa na uchungu, pikapu hiyo hiyo huwa ndiyo gari la kumfikisha hospitali ya Voi. Kwa hiyo ujuzi wa dereva ni mali ya kijiji kizima. Katika makala haya tutaeleza tabia za gari la gia, kwa nini huwa nazo, na namna ya kuzitumia ili gari lidumu na watu wafike salama.

KAZI YA KLACHI NA GIA

Injini ya motokaa ina udhaifu mmoja ambao hapana budi ufahamike kwanza: ikizunguka polepole mno haina nguvu. Ng'ombe aliyesimama aweza kuanza kuvuta plau kwa hatua moja ndogo. Injini haiwezi hivyo. Ikilazimishwa kuvuta mzigo kabla ya kuchangamka, hutetemeka na kuzima. Ndiyo sababu kukawekwa vyombo viwili kati ya injini na magurudumu, yaani klachi na sanduku la gia.

Klachi ni bamba la mviringo lililobanwa kwa springi zenye nguvu. Mguu wa kushoto ukikanyaga pedali, bamba huachiliwa na injini huzunguka peke yake. Mguu ukiinuliwa polepole, bamba huteleza kwanza, kisha hushika kidogo kidogo, hata mwisho likashika kabisa. Dereva hupatambua mahali pa kushika kwa kuwa gari hujikaza na sauti ya injini hushuka. Kila pikapu ina mahali pake. Nyingine hushika pedali ikiwa karibu na sakafu. Nyingine hushika juu kabisa, na hiyo aghalabu ni dalili ya bamba lililokwisha kulika. Kwa hiyo mtu mwenye busara akiazima gari la mwenziwe, huliondoa kwanza mahali tambarare, ajue tabia ya klachi yake kabla ya kukutana nayo mlimani.

Gia nazo hubadilisha mbio kuwa nguvu. Katika pikapu nyingi, ukitia gia ya kwanza injini huzunguka mara nne hivi ili mhimili uendao nyuma uzunguke mara moja. Mwendo hupungua, na nguvu ya kusukuma huongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Katika gia ya nne, mara nyingi mhimili huzunguka sawasawa na injini, na katika gia ya tano huipita. Hakuna gia itoayo nguvu na mbio kwa pamoja. Dereva apandaye kilima kwa gia ya nne huku injini ikigonga na kulia haokoi petroli. Huiumiza injini, kisha hulazimika kuteremsha gia wakati gari limekwisha poteza mwendo.

SAUTI NA DESTURI ZA GIA

Zamani kubadilisha gia kulikuwa kazi ya ufundi mkubwa. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 na ikaenea sana katika Afrika ya Mashariki, haikuwa na pete za kulinganisha mwendo wa meno katika gia ya kwanza na ya pili. Pete hizo zilikuwa zimekwisha kutiwa katika motokaa za Cadillac huko Marekani tangu mwaka 1928, lakini Land Rover haikuzipata katika gia zote za mbele hadi mwaka 1971. Dereva wa magari yale alikanyaga klachi mara mbili: mara ya kwanza kuitoa gia, kisha akaipandisha injini mwendo kidogo, na mara ya pili kuitia gia mpya. Asiyejua alisikia meno yakisagana, na kila aliyekuwa kando ya njia alijua ya kuwa mwanafunzi anapita.

Pikapu za siku hizi zina pete hizo, lakini pete hulika. Gia ya pili ikiwa ngumu asubuhi na ikalainika baada ya mwendo mfupi, mara nyingi ni mafuta ya gia ambayo hayajapata joto. Lakini gia ikikwaruza hata adhuhuri, au ikiruka yenyewe dereva aondoapo mguu katika mafuta, hiyo ni habari ya kupelekwa kwa fundi. Mlio mwembamba usikiwao gari lirudipo nyuma si ugonjwa. Katika magari mengi meno ya gia hiyo yamekatwa yakiwa yamenyooka, na meno ya namna hiyo hulia zaidi ya yale yaliyokatwa mshazari.

Kuna tabia mbili zidhaniwazo kuwa mapumziko, nazo ni uharibifu. Ya kwanza ni kuulaza mkono juu ya mti wa gia safari nzima. Uzito wa mkono hufika ndani ya sanduku na kulisha vyuma visivyopaswa kugusana kwa nguvu. Ya pili ni kuuweka mguu juu ya pedali ya klachi bila kubadilisha gia. Bamba huteleza kidogo kila wakati, hupata moto, na harufu yake ya kuungua huingia ndani ya gari.

Tena yuko abiria wa katikati. Kiti cha mbele cha pikapu nyingi hukaliwa na watu watatu, na mti wa gia husimama kati ya magoti. Gia ya kwanza na ya tatu huenda mbele na haina ugomvi na mtu. Lakini ya pili na ya nne hurudi nyuma, pale pale penye goti la yule wa katikati. Akiwa mama aliyepakata mtoto na kikapu, gia ya pili huenda isiingie kabisa, na huenda ikahitajiwa kwa ghafula. Dereva mwenye adabu humwambia mapema, "Mama, niwie radhi, geuza magoti upande ule," naye hupanga vifurushi kabla ya kuondoka. Kiti kisichoacha nafasi ya gia kimejaa, hata kama bado yuko mtu mlangoni aombaye lifti.

MCHANGA, MATOPE NA TEMBO

Barabara ya udongo huwa na mikunjo kama bati. Juu ya mikunjo hiyo pikapu tupu hurukaruka nyuma, kwa kuwa springi zake ni za kubebea mzigo. Dereva asidanganywe na ulaini upatikanao gari likienda mbio. Wakati huo tairi hugusa vilele tu vya mikunjo, na usukani na breki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.

Katika mchanga mzito wa makorongo, gia huchaguliwa kabla ya kuingia. Abadilishaye gia katikati ya mchanga hukanyaga klachi, gari hupoteza mwendo mara moja, na magurudumu huzama. Aghalabu gia ya pili hufaa, mguu ukiwa mtulivu juu ya mafuta. Katika matope ya masika au ya vuli pia ni gia ya pili, kwa kuwa ya kwanza ina nguvu nyingi mno na huyafanya magurudumu yazunguke bure. Korongo likiwa na maji yaendayo kasi, hakuna gia iwezayo kulivuka; dawa yake ni kusubiri.

Kasigau iko kati ya hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na tembo hupita huko na huko. Dereva amwonapo njiani husimama mbali, injini ikiwaka. Katika baadhi ya pikapu gia ya kurudi nyuma iko kando ya ya kwanza, na katika nyingine iko chini ya ya tano. Wala si wakati wa kuitafuta tembo akiwa ametandaza masikio. Ijue gia hiyo kabla ya safari.

KUONDOKA MLIMANI NA KUEGESHA

Kuondoka penye mwinuko huwatia hofu wanafunzi wengi. Njia yake ni hii: vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, kanyaga mafuta kidogo, inua klachi mpaka uhisi pua ya gari ikitaka kuinuka, ndipo uachie breki ya mkono. Kulishikilia gari mlimani kwa klachi peke yake ni kuliunguza bamba.

Unapoegesha, usiitegemee breki ya mkono tu, kwa kuwa kamba yake hulegea. Zima injini, kisha acha gari likiwa katika gia ya kwanza kama limetazama juu, au katika gia ya kurudi nyuma kama limetazama chini, na uweke jiwe kwenye gurudumu. Jiwe hilo lisiachwe njiani uondokapo.

Gari la gia lina fadhila moja kubwa. Betri ikifa mbali na fundi, laweza kuwashwa kwa kusukumwa: ufunguo umewashwa, gia ya pili, klachi imekanyagwa, watu wakilipa mwendo, dereva huiachia klachi kwa ghafula na magurudumu huizungusha injini. Wanaosukuma wakae nyuma tu, na watoto wasikaribie.

KUTEREMKA

Sasa twafikia jambo lililo kubwa kuliko yote. Pikapu ya Kasigau haikai Kasigau siku zote. Hupakia mizigo ya Mwatate, hupanda hata Wundanyi kwa barabara yenye kona kali katika vilima vya Taita, kisha hurudi. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Wako madereva waonapo mteremko huitoa gia wakaliacha gari lijiendee lenyewe. Hali hiyo huitwa fri, nao husema waokoa mafuta. Na tupime. Pikapu ya tani mbili pamoja na mzigo wake ikiteremka kimo cha mita 500, hutoa nguvu itoshayo kuchemsha karibu lita 30 za maji, yaani mtungi mmoja na nusu. Gari likiwa katika fri, karibu joto hilo lote ni lazima limezwe na breki. Breki zipatapo moto kupita kiasi hupungua kushika. Na mafuta ya breki yakichemka hufanya mvuke ndani ya mabomba, pedali ikaenda hata sakafuni bila kitu. Hapo dereva hukumbuka gia, lakini gari limekwisha pata mbio na gia ya pili haiingii tena. Walio nyuma juu ya magunia hawana usukani wala breki. Wao hungoja tu.

Gari likiwa katika gia, magurudumu hulazimika kuizungusha injini, na injini hulizuia gari saa zote bila kuchoka. Breki hubaki baridi, tayari kwa kona na kwa mtu avukaye njia. Na ile hoja ya kuokoa mafuta haina msingi. Katika injini nyingi za kisasa, gari literemkapo katika gia na mguu umeondolewa, petroli au dizeli hukatwa kabisa, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Katika fri injini hulazimika kunywa mafuta ili isizime. Azimaye injini kabisa hufanya vibaya zaidi, maana msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache, na usukani huwa mzito au hata kujifunga.

Kanuni ni nyepesi: gia uliyopandia kilima ndiyo ya kukiteremkia. Kama ulipanda kwa gia ya pili, shuka kwa gia ya pili, nayo uitie juu, kabla gari halijaanza kuinama. Gari likizidi mwendo, kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha achia zipoe. Usizikanyage kidogo kidogo njia nzima. Mzigo ukiwa mkubwa kuliko ule wa kupanda, tumia gia nzito zaidi.

Mwenye pikapu na amfundishe hivyo kila amkabidhiye ufunguo, na abiria naye asione haya kumwambia dereva, kwa upole, arudishe gari katika gia.